Edel Quinn: Binti wa Ayalandi Aliyelala Nairobi



Tunaandika makala hii mwezi wa Maria. Arusha ni masika, barabara ya kupanda Ngaramtoni ni tope tupu, na Mlima Meru hatujauona kwa siku kadhaa kwa sababu ya mawingu. Tarehe 12 ya mwezi huu wa Mei, Walejio wa Maria katika parokia zetu hukumbuka kifo cha mwanamke mmoja ambaye picha yake wengi tumeiona ofisini kwa paroko au kwenye ukumbi wa vyama vya kitume: msichana mwembamba anayetabasamu. Waamini wengi hudhani ni sista. Hakuwa sista. Alikuwa mlei, karani wa ofisi, mgonjwa wa kifua kikuu, na jina lake ni Edel Quinn.

Tuna sababu ya kumwandika yeye mwaka huu, na tutaieleza mwishoni bila kujificha.

Kisiwa alikotoka

Edel alizaliwa tarehe 14 Septemba 1907, Sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba, huko Castlemagner karibu na mji wa Kanturk, katika jimbo la Cork, kusini mwa Ayalandi. Baba yake, Charles Quinn, alikuwa mfanyakazi wa benki, na kazi hiyo iliihamisha familia kutoka mji mmoja hadi mwingine. Inasimuliwa kuwa wazazi walitaka mtoto aitwe Adele, lakini kwenye ubatizo jina likasikika na kuandikwa Edel. Likabaki hivyo.

Ili tumwelewe Edel, yafaa kwanza tuielewe nchi yake. Ayalandi ni kisiwa cha mvua na majani mabichi, ng'ombe wengi na viazi vingi. Mtu wa miteremko ya Meru asingejiona mgeni sana kule, isipokuwa kwa baridi. Mwaka aliozaliwa Edel nchi yote ilikuwa bado chini ya Waingereza. Kwa muda mrefu huko nyuma, sheria za watawala ziliwabana Wakatoliki, na kuna maeneo ambako watu walisali Misa porini, juu ya mawe makubwa, huku mtu akiweka ulinzi. Mawe hayo yapo mpaka leo na watu huyatembelea kwa heshima. Kisha ikaja njaa kuu ya miaka ya 1845 hadi 1852, ugonjwa ulipoharibu viazi mashambani. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja wakapanda meli kuhama nchi. Lugha yao ya kale, Kiairishi, ilipungua sana baada ya hapo, na wengi wakabaki na Kiingereza.

Lakini yapo mambo ambayo njaa haikuyamaliza. Mojawapo ni masimulizi. Jioni, kando ya moto wa udongo mkavu wa mabwawani, ambao wao huutumia kama sisi tunavyotumia kuni, wazee walisimulia habari za mashujaa, za viumbe wa vilimani wasioonekana, na za watakatifu. Walisimulia habari za Patrisi, kijana aliyetekwa Uingereza akapelekwa Ayalandi kuwa mtumwa na mchungaji wa mifugo, akatoroka, kisha akarudi kwa hiari yake kuwahubiria watu walewale waliomtumikisha. Masimulizi husema aliwafundisha Utatu Mtakatifu kwa kutumia kijani kidogo chenye sehemu tatu kwenye bua moja. Walisimulia pia habari za Brigida, ambaye hadi leo watu humkumbuka mwanzoni mwa Februari kwa kusuka misalaba ya nyasi na kuitundika mlangoni. Mambo mengine yangetufanya sisi tujione nyumbani: mtu akifa, majirani hujaa, hukesha na maiti, hula, hunywa chai na kusimulia habari za marehemu mpaka kunapambazuka.

Katika nchi ya namna hiyo, habari za mtu kwenda mbali na kurudi amevikwa sanda, au kutorudi kabisa, hazikuwa ngeni. Familia nyingi zilikuwa na mtoto padre au sista aliye Afrika, Asia au Amerika. Hata Kanisa letu la huku limeguswa na mkono huo. Vikarieti ya Kitume ya Kilimanjaro, ambayo eneo letu la Arusha lilikuwa sehemu yake kabla ya kuwa jimbo mwaka 1963, iliongozwa tangu miaka ya 1930 na Askofu Joseph Byrne, Mwairishi wa Shirika la Roho Mtakatifu.

Karani wa Dublin

Edel alikuwa msichana mchangamfu. Alipenda kucheza dansi, alipiga piano, alicheza tenisi. Alipelekwa kusoma kwa masista huko Uingereza, lakini mambo ya fedha nyumbani yalikwenda mrama, akalazimika kuacha shule na kutafuta kazi ili kuisaidia familia. Akawa katibu katika kampuni ya vigae mjini Dublin, iliyoendeshwa na kijana Mfaransa. Mfaransa huyo alimpenda na kumposa. Edel alimjibu kwa upole kwamba moyo wake umeshaamua: alitaka kuwa mtawa wa ndani wa Mtakatifu Klara, maisha ya sala na ukimya. Wawili hao waliendelea kuheshimiana.

Mnamo 1927 rafiki alimpeleka kwenye mkutano wa Lejio ya Maria. Chama hicho kilikuwa bado kichanga. Kilianzishwa tarehe 7 Septemba 1921 katika nyumba iitwayo Myra House, mjini Dublin, na mlei mmoja, mtumishi wa serikali, Frank Duff, pamoja na kundi dogo la watu, wengi wao wanawake. Walejio wanaosoma hapa wanajua utaratibu wake: altare ndogo yenye sanamu ya Mama Maria, rozari, katena, kisha kila mmoja anatoa taarifa ya kazi aliyopangiwa wiki iliyopita. Edel aliupenda utaratibu huo. Haukupita muda mrefu akapewa uongozi wa presidiumu iliyokuwa na kazi ngumu kuliko zote: kuwatembelea wanawake waliokuwa wakijiuza kwenye nyumba za kupanga za mjini. Kwa msichana wa familia ya heshima wakati ule, hiyo haikuwa kazi ya kusimulia mezani nyumbani. Aliifanya jioni baada ya saa za ofisi, wiki baada ya wiki.

Mlango uliofungwa

Mwaka 1932 ulikuwa mwaka wa kuingia utawani. Tarehe ilikuwa inakaribia, familia ikiwa imeshajiweka sawa, naye Edel akatema damu. Madaktari walikuta kifua kikuu kimekwisha kula mapafu kwa kiasi kikubwa. Alikuwa na miaka 24.

Hapa yafaa tukumbuke kitu ambacho siku hizi ni rahisi kukisahau. Wakati ule hapakuwa na dawa ya kifua kikuu. Mgonjwa alipelekwa mahali penye hewa safi, akapumzishwa, akalishwa vizuri, na kusubiriwa aone kama mwili utashinda wenyewe. Kwa watu wetu, tangu miaka ya 1920, mahali hapo palikuwa Kibong'oto, upande wa magharibi wa Kilimanjaro. Kwa Edel palikuwa hospitali ya Newcastle, katika jimbo la Wicklow. Alikaa huko miezi kumi na minane. Hakupona. Alitoka akijua hivyo, akarudi kazini ofisini, na taratibu akarudi kwenye Lejio. Habari ya utawa ilikuwa imekwisha.

Sisi tulio kwenye malezi tunajua uzito wa sentensi hiyo. Mtu amekuwa akiamini kwa miaka kwamba Mungu anamwita mahali fulani, ameagana na watu, kisha afya inamrudisha nyumbani. Wengine wakifika hapo hufa moyo, wengine humlaumu Mungu, na wapo wanaolaumu wakubwa wao. Edel hakukaa akisubiri mlango uleule ufunguliwe.

Mwaka 1936 alitumia likizo yake kwenda Wales na mwenzake kuanzisha Lejio. Aliporudi, ilionekana ana kipaji cha kuongea na watu asiowajua. Wakati huohuo maombi ya kutaka mjumbe wa Lejio yalikuwa yanatoka Afrika. Jina lake lilipopelekwa kwenye Concilium, yaani baraza kuu la Lejio mjini Dublin, lilizua mjadala mkali. Wapo waliosema waziwazi kwamba kumpeleka msichana mgonjwa namna ile kwenye joto, malaria na barabara mbovu ni kumpeleka kaburini. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Waliitoa kwa kumpenda. Edel mwenyewe alisimama akawaeleza kwamba anajua vizuri anakokwenda, na kwamba hakuwa anaomba safari ya matembezi. Kura zikampitisha.

Kutoka Mombasa hadi Nyasaland

Aliondoka Ayalandi Oktoba 1936, akateremka Mombasa mwezi uliofuata, akapanda hadi Nairobi. Alikuwa na miaka 29. Nairobi ya wakati ule ilikuwa chini ya Vikarieti ya Zanzibar, iliyoongozwa na Askofu John Heffernan, naye Mwairishi wa Shirika la Roho Mtakatifu.

Kazi aliyoikuta ilikuwa na kikwazo ambacho hakikuwemo Dublin. Koloni lile lilikuwa limewagawa watu kwa rangi: Wazungu na mitaa yao, Wahindi na Wagoa na mitaa yao, Waafrika na yao. Hata kanisani watu hawakukaa pamoja. Wengi walimweleza Edel kwamba Lejio ya Waafrika haitawezekana, kwa sababu wangeshindwa utaratibu wake, na kwamba kuwakutanisha Wazungu, Wagoa na Waafrika katika baraza moja ni kutafuta balaa. Edel hakubishana sana. Alianzisha presidiumu za makundi mbalimbali kwa lugha walizozielewa, kisha akasisitiza kwamba kuria, yaani baraza linaloziunganisha, iwe moja. Watu wakakaa meza moja, wakasali rozari moja, kila mmoja akatoa taarifa yake na wenzake wakamsikiliza.

Hatusemi kwamba Edel aliuangusha ukoloni. Hakuwa mwanasiasa, alisafiri kwa vibali vya serikali ya kikoloni na alilala katika nyumba za misioni zilizojengwa ndani ya mfumo uleule. Lakini tukipima jambo kwa wakati wake, mama wa Kiafrika kutoa taarifa ya kazi ya kitume mbele ya bibi wa Kizungu, na bibi huyo kumsikiliza kama mwenzake, halikuwa jambo dogo Nairobi ya mwaka 1937.

Kutoka hapo alianza safari. Alikuwa na gari kuukuu aina ya Ford, ambalo kwa utani lilipewa jina la Rolls-Royce, na dereva wake alikuwa Mwislamu aitwaye Ali. Sisi tunaosafiri kwa lami kati ya Arusha na Namanga kwa muda wa saa mbili, tujaribu kufikiri safari zile: vumbi kiangazi, matope masika, mito bila madaraja, usiku wa porini gari likiwa limekwama, na ndani yake mwanamke mwenye mapafu mabovu anayecheka ili dereva asikate tamaa. Alizunguka Kenya, akafika Tanganyika na Zanzibar, akaenda Uganda, akavuka bahari hadi kisiwa cha Mauritius, kisha Nyasaland, ambayo leo ni Malawi.

Kila alikofika alifanya karibu jambo lilelile. Alibisha hodi kwa paroko, ambaye mara nyingi alikuwa amechoka na hakutaka chama kingine. Alimsikiliza. Alimwomba watu wachache tu, wasiozidi idadi ya vidole. Aliwakusanya, akawaeleza utaratibu, akakaa nao kwenye mkutano wa kwanza, akawapa kazi: mgonjwa wa kumtembelea, ndoa ya kurekebisha, mtoto wa kumfundisha katekisimu. Kisha aliondoka, akabaki akiwaandikia barua. Aliandika barua nyingi mno, mara nyingi akiwa kitandani na homa. Mapadre waliomfahamu walishangaa hasa jambo moja, kwamba presidiumu alizozianzisha hazikufa alipoondoka.

Tumejifunza darasani, kwa Aristotle na kwa Mtakatifu Thomas, kwamba fadhila ni tabia inayojengwa kwa kurudia tendo jema hadi likae ndani ya mtu. Tukiwa wakweli, somo hilo tulilielewa kwenye daftari tu mpaka tuliposoma maisha haya. Edel hakufanya jambo moja kubwa la kustaajabisha. Alifanya mkutano, barua, ziara, rozari, halafu kesho yake akafanya tena.

Mwisho wa safari

Mwaka 1941, akiwa Nyasaland, mwili ulikataa. Alipelekwa Afrika Kusini, akalazwa katika hospitali ya kifua kikuu karibu na Johannesburg, baadaye akatunzwa na masista kwenye hospitali ya misioni. Wengi walidhani hatarudi. Mwanzoni mwa 1943 alirudi Nairobi, amekonda, anatembea taratibu, na akaanza tena kutembelea presidiumu kadiri alivyoweza.

Tarehe 12 Mei 1944, jioni, moyo wake ulisimama katika nyumba ya Masista wa Damu Azizi huko Riruta, Nairobi. Alikufa akilitaja jina la Yesu. Alikuwa na miaka 36, na alikuwa ametumika Afrika miaka saba na nusu. Alizikwa katika makaburi ya wamisionari ya Mtakatifu Austin, Nairobi, na mpaka leo watu hufika pale kusali. Kuna jambo moja linalouma ukiliwaza: dawa ya kwanza ya kuua vijidudu vya kifua kikuu, streptomaisini, iligunduliwa Marekani mwaka 1943, miezi michache tu kabla ya kifo chake. Haikuwahi kumfikia.

Mchakato wa kumtangaza mtakatifu ulianza Dublin katika miaka ya 1950. Tarehe 15 Desemba 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili alithibitisha kwamba aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa, hivyo anaitwa Mheshimiwa. Ili atangazwe Mwenyeheri, Kanisa linasubiri muujiza uthibitike kwa maombezi yake.

Kwa nini tumemwandika

Tuliahidi kusema sababu. Mwenzetu mmoja wa darasa letu alianza kukohoa mwaka juzi. Vipimo vilionyesha kifua kikuu. Kwa ushauri wa daktari na walezi alikwenda nyumbani, kwenye kijiji kimoja cha miteremko ya Meru, kumeza dawa kwa miezi sita. Siku anaondoka tulimsindikiza mpaka getini na kumuahidi kumtembelea.

Hatukwenda. Tulikuwa na mitihani, ndivyo tulivyoambiana. Ukweli ni kwamba tuliogopa, ingawa tulikuwa tumeelezwa kuwa mgonjwa aliyeshika dawa vizuri kwa wiki kadhaa kwa kawaida haambukizi tena. Wengine wetu hata simu yake tuliichelewesha kuipokea, kwa kuwa hatukujua la kumwambia.

Aliporudi, amenenepa kidogo, na sasa yuko darasa moja nyuma yetu, tulimwomba radhi. Hakutulaumu. Alitusimulia kwamba kila Jumamosi, mvua inyeshe isinyeshe, mama wawili wa Lejio kutoka kigango cha kwao walikuwa wakipanda kule nyumbani. Walikaa naye ndani, wakala chakula cha mama yake, wakasali fungu la rozari, wakamuuliza kama amemeza vidonge. Mmoja wao hajui kusoma. Kuna wiki alikuwa ameamua kuacha dawa na kuacha wito, na kilichomrudisha ni kwamba mama hao wangekuja Jumamosi na angelazimika kuwaambia.

Sisi hao ndio tuliokuwa tukitania kwamba Lejio ni chama cha kina mama wazee. Tulipotafuta ni nani aliyeuleta utaratibu huo wa Jumamosi huku kwetu Afrika Mashariki, tulimkuta msichana aliyekuwa na ugonjwa uleule wa mwenzetu, ambaye yeye naye wito wake ulikatishwa na kifua, na ambaye hakuwa na dawa.

Basi tunawaomba wasomaji wetu mambo mawili. Kwanza, mkiwa na mgonjwa jirani, wa kifua au wa ugonjwa mwingine unaotia watu hofu, msisubiri mitihani iishe. Nendeni Jumamosi hii. Pili, tarehe 12 Mei tumkumbuke Mheshimiwa Edel Quinn katika Misa na katika jumuiya zetu ndogo ndogo, tumwombe Mungu, kama ni mapenzi yake, alitukuze jina lake kwa kumpandisha mtumishi wake kwenye heshima ya altare. Na wale wanaosafiri kwenda Nairobi, wakipata nafasi wapite Mtakatifu Austin wasali kwenye kaburi lake. Sisi tunapanga kwenda wakati wa likizo, pamoja na mwenzetu huyo, Mungu akipenda.

Maria, Malkia wa Mitume, utuombee.